Nozick, Rawls au George: ulinganisho kwa anayetafuta msimamo kuhusu mali na mgawanyo wake

Mtu akisema kwamba anaamini uhuru wa kila mmoja, je, imani hiyo inamlazimu kuitetea mali ya kila mmoja kama ilivyo, au inamruhusu kudai igawanywe upya? Swali hili huwakwamisha wanafunzi wa falsafa na sheria hapa Zanzibar, na huwakwamisha vilevile watu wa barazani ambao hawajapata kufungua kitabu chochote cha falsafa lakini wana kiwanja, wana mirathi isiyogawiwa, au hawana hata kimoja. Uliberali haukuwaachia jibu moja. Ndani yake mna njia zinazopingana kwa nguvu, na zote huanzia katika heshima ya mtu binafsi.

Makala haya yanalinganisha njia tatu. Ya kwanza nitaiita njia ya stahiki, na mwenyewe ni mwanafalsafa Robert Nozick, aliyeieleza katika kitabu chake cha 1974, Anarchy, State, and Utopia. Ya pili ni njia ya uadilifu ya John Rawls, ambaye kitabu chake cha 1971 Nozick alikijibu kwa kirefu. Wote wawili walifundisha Harvard, katika idara moja. Ya tatu ni njia ya ardhi ya wote, ambayo haina mwenyewe mmoja: mizizi yake imo kwa Thomas Paine (1797) na Henry George (1879), na katika zama zetu imetetewa na akina Hillel Steiner na Michael Otsuka. Nimemwacha mwanauchumi Friedrich Hayek kwa makusudi. Anadai kwamba soko halina mgawaji, na kwa hiyo hakuna maana kuliuliza kama limegawa kwa haki. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inalikataa swali badala ya kulijibu, na msomaji aliyekwama kwenye swali hatasaidika nayo.

Vigezo, na shamba la kupimia

Kila njia itaulizwa mambo manne: kitu kisichokuwa cha mtu kinageukaje kuwa cha mtu, ardhi ihesabiwe sawa na mali nyingine au la, serikali ichukue nini na itoe nini, na dhulma iliyokwishapita ifanywe nini. Kigezo cha nne ndicho kinachopitwa haraka zaidi katika vitabu vya kufundishia, na kwa visiwa vyetu ndicho kizito kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa nacho kuliko vingine.

Ili maswali haya yasielee hewani, tuyapime juu ya kitu kimoja: eka tatu za mikarafuu Unguja, tuseme upande wa Kizimbani. Babu alipewa eka hizo katika mgao wa ardhi uliofuata Mapinduzi ya 1964. Mikarafuu mikongwe aliikuta. Mingine aliiatika na kuipanda mwenyewe. Leo shamba liko mikononi mwa mjukuu. Msimu ukifika, wachumaji hupanda mitini na kushusha karafuu mbichi, huchambuliwa jioni kuzitenga na makonyo, na malipo huhesabiwa kwa pishi. Kisha karafuu huanikwa juani juu ya majamvi, na zikikauka hupelekwa kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali ambalo kisheria ndilo mnunuzi wake pekee. Miti ni ya mjukuu. Ardhi iliyo chini ya miti, kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya 1992, ni mali ya umma, na yeye ana haki ya kuitumia.

Kitu kinakuwaje cha mtu

Njia ya stahiki na njia ya ardhi ya wote zina babu mmoja, John Locke, aliyeandika katika karne ya 17 kwamba mtu ni mmiliki wa nafsi yake, kwa hiyo ni mmiliki wa kazi yake, na kwa hiyo alichokichanganya na kazi yake ni chake, maadamu vimebaki vya kutosha na vizuri kama hivyo kwa ajili ya wengine. (Locke huyo huyo alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa Afrika Magharibi. Msomaji wa hapa ana haki ya kulikumbuka hilo anapousoma utetezi wake wa umiliki wa nafsi, ingawa hoja haianguki kwa sababu tu aliyeitoa hakuifuata.)

Nozick anaichukua hoja hiyo na kuijenga upya kwa kanuni tatu: mali ni halali ikiwa ilipatikana mwanzo kwa njia ya haki, ikiwa ilihamishwa kwa ridhaa, na ikiwa palipotokea dhulma pamefanyika marekebisho. Zaidi ya hapo haulizi nani ana kingi na nani ana kidogo. Mfano wake maarufu ni mchezaji wa mpira wa kikapu, Wilt Chamberlain. Gawa mali kwa usawa wowote unaoupenda. Kisha watu milioni moja, kila mmoja kwa hiari yake, wampe mchezaji huyo senti 25 ili wamwone akicheza. Mwisho wa msimu ana dola 250,000 na usawa wako umevunjika. Nani amedhulumiwa? Ukitaka kuurejesha usawa, itabidi uingilie kila siku mambo ambayo watu wameyafanya kwa ridhaa yao.

Hata hivyo Nozick hakuwa mfuasi kipofu wa Locke. Alihoji kwa nini kuchanganya kazi yako na kitu kukupatie kitu hicho badala ya kukupotezea kazi yako: mtu akimwaga juisi yake ya nyanya baharini, je, ameipata bahari, au ameipoteza juisi? Mashamba ya Unguja yalikuwa na jibu lao kwa swali hilo muda mrefu kabla. Kwa desturi, aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama ardhi ni ya mwingine. Ndiyo maana, baada ya utumwa kufutwa, wamiliki wa mashamba ya mikarafuu waliwaruhusu watu waliokaa mashambani mwao kulima muhogo na viazi chini ya mikarafuu, kwa sharti la kuipalilia, lakini waliwakataza kupanda miti ya kudumu. Muhogo ukishang'olewa haubakishi dai. Mnazi hubaki na dai lake. Mwenye shamba hakuhitaji kumsoma Locke kulijua hilo.

Rawls haanzii kwenye jembe. Anaanzia kwenye kanuni za jamii nzima, na anatutaka tuzichague tukiwa nyuma ya pazia linalotuficha sisi wenyewe: hujui kama utazaliwa mjukuu mwenye mikarafuu au mchumaji wa kulipwa kwa pishi, mwenye kipaji au asiye nacho. Anaamini kwamba katika hali hiyo watu wangechagua kwanza uhuru wa msingi ulio sawa kwa wote, kisha wangekubali tofauti za kipato na mamlaka kwa masharti mawili tu: vyeo viwe wazi kwa wote kwa fursa za haki, na tofauti hizo ziwanufaishe walio chini kabisa. Wengi hudhani kwamba Rawls ni adui wa mali ya mtu binafsi, na ni dhana isiyo sahihi. Haki ya kuwa na mali yako mwenyewe imo katika orodha yake ya uhuru wa msingi. Kisichokuwemo ni haki ya kumiliki njia za uzalishaji na maliasili. Hizo kila jamii itaziamulia kwa historia na mazingira yake.

Njia ya tatu inakubaliana na Nozick kuhusu nafsi na jasho, na kuachana naye palipoanzia jasho. Mjukuu ni mmiliki wa kazi yake na wa karafuu alizozianika. Udongo na mvua hakuvitengeneza yeye, hakuvitengeneza babu yake, wala hakuvitengeneza tajiri aliyekuwepo kabla ya babu yake.

Ardhi na kisichotengenezwa na mtu

Hapa njia ya ardhi ya wote iko nyumbani kwake, na haki ni kuipa nafasi zaidi. George alitenganisha thamani ya ardhi yenyewe na thamani ya kilichojengwa au kupandwa juu yake. Chukua kiwanja cha ufukweni Paje au Nungwi, mahali ambapo zamani palionekana hapafai kwa kilimo. Bei yake imepanda kwa sababu ya barabara, umeme, uwanja wa ndege na hoteli za watu wengine. Aliyekishika angeweza kulala miaka yote hiyo na bado bei ingepanda. George angeiacha nyumba, angeiacha minazi, angeiacha biashara, na angetoza kodi juu ya thamani ya ardhi tupu peke yake, kwa hoja kwamba thamani hiyo imeundwa na jamii na inarudishwa kwa jamii.

Msomaji atasema: basi sisi tulikwishafika, maana ardhi yetu ni ya umma. Si hivyo moja kwa moja. George hakutaka serikali imilikishe na kunyang'anya viwanja. Alitaka watu waendelee kushika ardhi zao kwa usalama, wauziane, warithishane, mradi tu walipe kodi ya thamani yake. Ardhi inaweza kuwa ya umma kwenye karatasi huku faida ya kupanda kwa bei ikiishia kwa aliyebahatika kugawiwa mapema, na kwa George hilo lingekuwa umma wa jina tu. Alaska, iliyowahi kugundua mafuta mengi, imekuwa tangu 1982 ikimlipa kila mkaazi gawio la kila mwaka kutoka katika mfuko uliojengwa kwa mapato ya mafuta, na watetezi wa njia hii hupenda kuutaja mfano huo. Udhaifu wao nao unaonekana: ni nani atapima kwa uaminifu thamani ya ardhi peke yake, na mjane mwenye kiwanja cha thamani kubwa lakini asiye na kipato atalipa kwa kitu gani?

Kwa Nozick ardhi haina daraja la pekee. Sharti la Locke analibakisha, lakini amelilegeza: inatosha kwamba umiliki wako haujawaacha wengine katika hali mbaya kuliko ambavyo wangekuwa kitu hicho kisingemilikiwa na mtu. Sharti hilo ni rahisi kutimizwa, na nadhani ni rahisi kupita kiasi kwa watu wanaoishi kisiwani, ambako ardhi haiongezeki.

Rawls anaelekea penginepo. Katika maandiko yake ya baadaye alisema wazi kwamba serikali inayoacha mtaji urundikane kwa wachache kisha ikawafariji maskini kwa misaada haitoshi; alipendelea ama demokrasia ya wenye mali, ambamo ardhi, mtaji na elimu vimetawanywa mapema kwa wengi, ama ujamaa wa kiliberali, ambamo njia za uzalishaji ni za umma lakini uhuru wa msingi unalindwa. Kwa umbo, mgao wa eka tatu unafanana na wazo la kwanza: maelfu ya familia zisizo na kitu zikapata pa kulima. Lakini mgao huo ulikuja pamoja na utwaaji wa mali na kupigwa marufuku kwa vyama vingine vya siasa, na Rawls hakubali uhuru wa msingi ubadilishwe kwa mali. Anayemtumia Rawls kuusifu mgao huo, na anayemtumia kuulaani, wote wawili wamesoma nusu ya kitabu.

Kodi, soko na malipo ya umma

Nozick alisema kwamba kodi juu ya kipato cha kazi iko daraja moja na kazi ya kulazimishwa: ukichukua malipo ya saa kadhaa za mtu, umezichukua saa zenyewe. Serikali yake ni ya ulinzi, mahakama na kusimamia mikataba. Kumsaidia maskini ni jambo jema lakini ni la hiari. Angekuwa na neno pia kuhusu karafuu zetu, kwa sababu mwenye mali asiyeweza kumuuzia amtakaye, kwake yeye, hana umiliki kamili. Rawls hana tatizo la msingi na mnunuzi mmoja wa serikali, kwani uhuru wa mikataba ya biashara haumo katika orodha yake. Angeuliza tu kama mchumaji na mkulima mdogo wako katika hali bora kwa mpango huo kuliko kwa soko huria, na swali hilo linajibiwa kwa hesabu za bei, si kwa falsafa.

Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kulipa pensheni jamii kwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza ana mali gani. Wapo walionung'unika kwamba hata mwenye nyumba za kupangisha analipwa. Paine angewajibu. Katika kijitabu chake cha 1797 alipendekeza kila mtu apewe pauni 15 akifika miaka 21, na pauni 10 kila mwaka kuanzia miaka 50, awe tajiri au maskini, kwa sababu ni fidia ya haki yake ya asili katika ardhi, si sadaka. Mfuasi wa Rawls angekuwa na mashaka zaidi, na angeuliza kama fedha hizo hizo zingewainua zaidi walio chini kabisa zikielekezwa kwao.

Msomaji Mwislamu ataulizia zaka, sehemu moja ya arobaini ya mali iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka. Si hiari kama anavyotaka Nozick, wala haitafuti mgawanyo fulani kama kwa Rawls. Ina misingi yake, na kuilazimisha iingie katika njia mojawapo kati ya hizi ni kuifanyia upungufu.

Dhulma iliyopita

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akishinikizwa na Waingereza, alitoa amri ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba. Fidia ililipwa. Walilipwa mabwana. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na hakupewa ardhi wala ujira wa miaka aliyoitumikia. Turudi sasa kwa ile mikarafuu mikongwe ya Kizimbani, na tumuulize kila mmoja ni ya nani.

Nozick ndiye mwenye jibu la kushangaza. Watu humwona mlinzi wa matajiri, kumbe kanuni yake ya tatu inasema kwamba mali iliyoanzia katika dhulma haisafiki kwa kupitishwa mikono mingi. Mti uliopandwa na mtu asiye huru ni, kwa mantiki yake mwenyewe, mti wa aliyenyang'anywa jasho. Na aliandika kwamba, japo kuuleta ujamaa kama adhabu ya madhambi yetu ni kuvuka mpaka, huenda dhulma zilizopita zikawa kubwa kiasi cha kuhitaji, kwa muda, serikali pana zaidi ili kuzirekebisha. Na kwamba pale historia isipojulikana, kanuni ya kuwainua walio chini kabisa inaweza kutumika kama makadirio. Kwa maneno mengine, penye dhulma nzito, Nozick hugonga mlango wa Rawls. Lakini kanuni hiyo ina makali pande zote mbili: itamsikiliza pia aliyenunua shamba lake kwa fedha halali, au aliyepanda miti kwa mkono wake, kisha akatwaliwa mali yake baada ya 1964. Pemba hasa, ambako wakulima wadogo wenye miti yao walikuwa wengi, hesabu hiyo haiwezi kufanywa kwa fagio moja. Madai mawili yamelaliana juu ya ardhi ile ile, na nadharia inayodai historia kamili inatuacha pabaya pale hati zilipopotea.

Rawls hapa ni mkimya. Nadharia yake inachora jamii yenye haki tangu mwanzo, na karibu haisemi lolote kuhusu jamii iliyorithi utumwa. Charles Mills, mwanafalsafa aliyekulia Jamaika, alimlaumu kwa ukali kwa ajili hiyo. Wafuasi wake hujibu kwamba kanuni zake, zikitekelezwa leo, zitafuta athari nyingi za jana hata bila kuzitaja. Zitafuta nyingi. Ila aliyedhulumiwa huwa anataka pia itamkwe kwamba alidhulumiwa, na Rawls hana pa kulitamkia hilo.

George analipita swali kwa upande. Kwake hati zote za ardhi, zikifuatwa nyuma vya kutosha, zina doa. Basi usimfukuze mtu, anza kukusanya kodi ya ardhi kuanzia leo. Kuna nafuu katika jibu hilo kwa watu waliochoka na kesi. Steiner, wa kambi hiyo hiyo, haridhiki nalo, na anabakisha haki ya fidia.

Nani aende na ipi

Ikiwa hoja yako ni kumtetea mtu aliyetwaliwa mali yake au kuhamishwa bila ridhaa, au mkulima anayetaka kuuza mazao yake kwa amtakaye, Nozick atakufaa kuliko wengine, kwa sharti umbebe pamoja na kanuni yake ya tatu; bila hiyo umebeba utetezi wa aliyeshika tu. Hatakufaa ukiwa unafikiria mtoto yatima au mgonjwa asiye na ndugu, kwa sababu kwake hao wanategemea huruma.

Ukiwa unapima sera nzima, kama skuli, hospitali, mshahara wa mchumaji au bei ya mazao, Rawls ana kipimo kilicho wazi zaidi, na humlazimisha hata mwenye nacho kujibu. Ukiwa ndani ya mgogoro wa familia juu ya shamba moja, atakuacha mikono mitupu, kwa kuwa kanuni zake ni za mfumo wa jamii na si za kugawa eka tatu baina ya ndugu.

Kwa mwenye kushughulikia ardhi ya ufukweni, mikataba ya hoteli, mafuta au gesi, njia ya ardhi ya wote ndiyo yenye zana. Pia ndiyo rahisi kuchanganywa: unaweza kushika kodi ya ardhi ya George na bado ukalinda jasho kama Nozick, au ukaipeleka kodi hiyo kwa walio chini kama angetaka Rawls. Kuwachanganya Nozick na Rawls wenyewe ni kazi ngumu zaidi, na mwanafunzi anayejaribu kufanya hivyo katika insha moja aeleze kwanza anaanza kuihesabu haki kutoka wapi, kwenye historia ya mali au kwenye hali ya watu leo.

Mwenye muda mchache aanze na sura ya 7 ya kitabu cha Nozick, kwa kuwa ndani yake mna hoja yake pamoja na jibu lake kwa Rawls, kisha amsome Rawls mwenyewe kuhusu kanuni mbili na pazia kabla hajaamini alivyosimuliwa na mpinzani wake. Kijitabu cha Paine ni kifupi na kinasomeka kwa jioni moja.